Kabla ya kushusha motokari yako, uliza mgongo wako

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama na vijana wa kambi, ukurasa wetu wa usalama na afya umezoea kuwaletea habari za kofia ya kazi, za vumbi na za maji safi. Leo tutasema juu ya resori za motokari. Wengine watacheka: mtu wa dispanseri anatafuta nini garaji? Jibu ni fupi. Resori ikishindwa kazi yake, mifupa ya mgongo ndiyo inayoimaliza. Na mgongo unaletwa kwetu, hauletwi garaji.

Mmeona ninyi wenyewe. Kijana akipata kazi ya kudumu, baada ya mwaka mmoja ao miwili anakusanya feza na kununua motokari ya Japani iliyokwisha kutumika, ile inayofika kwetu kwa njia ya Kasumbalesa. Huyu anachukua Subaru Impreza, yule Toyota Altezza, mwingine Celica. Ni motokari nzuri, sina neno baya juu yake. Lakini haijamaliza mwezi mbele ya nyumba, na mwenyewe ameanza kuiona kama inasimama juu sana. Ameona picha za motokari za spoti za ngambo, zimelala karibu na lami, na magurudumu yamejaa ndani ya ubavu. Rafiki anamwambia: "Ishushe." Fundi wa jirani anamwambia: "Niletee asubuhi, mchana utaichukua." Na avansi ya mshahara inaondoka.

Siwaambii kwamba ni dhambi kupenda motokari ya chini. Nawaambia mawazo yangu mapema, ili msitafute mpaka mwisho wa ukurasa: kwa barabara zetu, anayetaka kushusha asipite sentimetri 2 ao 3, na asiguse resori kabla ya kuwa na amotisere zinazopatana nazo. Kama feza haitoshi kwa vyote viwili, aache urefu kama ulivyotoka kiwandani, anunue mipira mizuri na fimbo nene ya kuzuia motokari kuinama. Atashika kona vizuri kuliko yule aliyekata resori, na usiku atalala.

Sasa tueleze, sababu neno la mtu wa dispanseri peke yake halitoshi.

Watu wengi wanachanganya resori na amotisere. Resori ndiyo inayobeba uzito. Amotisere haibebi karibu chochote. Ni bomba lenye mafuta ambalo kazi yake ni kutuliza resori isirukeruke baada ya shimo. Kila resori ina mwendo wake wa kupanda na kushuka. Motokari ya kawaida ya jamaa inapanda na kushuka kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde moja. Mwendo huo mwili wa mtu unauzoea. Motokari za spoti zinafanywa ngumu zaidi, kama mara 1.5 hadi 2. Lakini mwili wa mtu aliyeketi nao una mwendo wake. Mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndio unaouchosha zaidi mgongo na tumbo, sababu katika mwendo huo mwili unajibu mtikisiko na kuuongeza. Jambo hilo si la jana: kanuni ya mataifa yote ya kupima mtikisiko wa mwili, ISO 2631, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1974.

Fikiri basi juu ya kushusha. Tuseme motokari yako inaweza kushuka sentimetri 10 kabla ya kugonga ule mpira mdogo unaozuia chuma kisigonge chuma. Unaishusha sentimetri 4. Imebaki na 6. Shimo la barabara halikupungua, na uzito wa motokari haukupungua. Ili nguvu ileile izimike katika sentimetri 6 badala ya 10, resori inatakiwa kuwa ngumu karibu mara 2.8. Mahali motokari ilipokuwa ikipanda na kushuka mara 1.3 kwa sekunde, sasa itafanya zaidi ya mara 2. Na kama hukuifanya ngumu hivyo, itagonga mpira wa kizuizi katika kila shimo kubwa, na hapo pigo zima linapita moja kwa moja kwenye kiti. Hakuna njia ya tatu.

Ungeishusha sentimetri 2 tu? Resori ngumu mara 1.6 ingetosha, na mwendo ungekuwa kama mara 1.6 kwa sekunde. Hiyo mwili unaivumilia. Ndiyo maana nasema 2 ao 3, na sisemi hivyo kwa sababu ya woga wa mzee. Umri wangu bado wa thelathini, na mimi pia napenda motokari inayokwenda.

Kuna wenzetu ambao nawaomba wasome hapa polepole: ninyi mnaoendesha magari makubwa ya kubeba mawe ndani ya mgodi, na ninyi wa tingatinga na wa mashine za kupakia. Mgongo wenu unatikiswa kazini saa nyingi. Nchi za Ulaya zimeweka sheria juu ya jambo hili mwaka 2002: mtikisiko wa mwili mzima unahesabiwa kwa siku ya saa 8, ukifika meta 0.5 kwa sekunde ya mraba, mwajiri anapaswa kuchukua hatua za kuupunguza, na ukifika 1.15 ni lazima usimame, haupiti hapo. Angalieni namna hesabu hiyo inavyofanywa: inajumlisha. Saa moja hapa, saa tatu pale, vyote vinaingia katika jumla moja. Mwajiri anahesabu saa za kazi tu, lakini mgongo haujui kwamba saa ya kuondoka imefika. Shofere anayetoka kwenye gari la tani nyingi akaingia katika Impreza iliyokatwa resori, akaenda nayo kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 300, huyo ameongeza nusu siku ya kazi bila malipo. Halafu siku ya Jumatatu anakuja kwetu kuomba kidonge cha kiuno. Kidonge tutampa. Lakini kidonge hakifiki kwenye resori.

Na katika kiti cha nyuma anaketi nani? Mara nyingi mama, pengine mjamzito, na mtoto mdogo. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1992 juu ya wanawake wajawazito kazini inataja mapigo na mitikisiko kati ya mambo ya kwanza ya kuchunguzwa. Mume anayesema "mimi mgongo wangu ni wa chuma" asiwasemee wengine waliomo ndani.

Sasa vijana watanijibu: "Muganga, motokari ya chini inashika kona." Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Tupige hesabu pamoja. Tuseme katikati ya uzito wa motokari ni sentimetri 50 juu ya ardhi. Ukiishusha sentimetri 3, uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje katika kona unapungua kwa asilimia 6. Sita tu! Mipira iliyozeeka na kukauka inakupotezea zaidi ya hapo. Waliounda motokari ya Toyota 86 ya mwaka 2012 walitaka uzito uwe chini kabisa, na walifika sentimetri 46 hivi. Walifika hapo kwa injini ya Subaru ambayo silinda zake zimelala ubavu kwa ubavu, nayo imewekwa chini na nyuma kidogo. Resori zao waliziacha na nafasi yake ya kufanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa mitaani hawalisemi. Impreza, Celica na motokari nyingi sana zina mbele ule mguzo wa MacPherson, ulioitwa kwa jina la injinia Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni katika miaka ya 1940. Ndani yake amotisere na resori ni kitu kimoja kilichosimama, na chini kuna mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Piga magoti, tazama mkono huo. Katika motokari ambayo haijaguswa, umelala karibu sawasawa, ao ncha yake ya upande wa gurudumu iko chini kidogo. Ukishusha sana motokari, ncha hiyo inakuwa juu kuliko ile ya ndani. Hapo ile nukta ambayo mwili wa motokari unainamia katika kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake ni ya kushangaza: motokari imekuwa chini, lakini inataka kuinama zaidi kuliko zamani. Tena usukani unaanza kuvutwa kwenye matuta, sababu fimbo za usukani na mkono wa chini hazitembei tena pamoja. Altezza, na ile ndogo ya Mazda MX-5, zina mikono miwili kwa kila gurudumu, zinavumilia kidogo zaidi. Kidogo, nimesema.

Kwa hiyo anayetaka kona, kwanza anunue ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kuume, ambayo inazuia mwili kuinama. Ugumu wa fimbo hiyo unapanda haraka sana kwa unene wake: ya milimetri 22 ni ngumu karibu mara moja na nusu kuliko ya milimetri 20. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo inazunguka tu bila kuleta ugumu wowote. Motokari haishuki, karteri ya mafuta haigongi mawe, na mgongo karibu hausikii tofauti, isipokuwa pale gurudumu moja tu linapoingia shimoni. Ubaya wake? Jirani haioni. Nadhani hiyo ndiyo sababu haipendwi.

Baada ya hapo, amotisere. Motokari iliyokwisha kutumika inatufikia na amotisere zake za zamani, na nyingi zimechoka. Ukiweka resori fupi na ngumu juu ya amotisere iliyochoka, umeweka farasi mkali kwa mtu asiye na nguvu za kushika kamba. Tena amotisere ya urefu wa kawaida, ikiwekewa resori fupi, inafanya kazi siku zote karibu na mwisho wake wa chini, na inakufa mapema. Viwanda vinajua hivyo. Bilstein ya Ujerumani, kwa mfano, inatengeneza B6 kwa motokari ya urefu wa kiwandani, na B8 iliyofupishwa kwa ajili ya motokari iliyoshushwa. Anayenunua resori za kushusha za Eibach akaziacha na amotisere za zamani amelipa nusu ya kazi na atapata chini ya nusu ya faida. KONI ya Uholanzi nayo inafanya amotisere ambazo ukali wake unaweza kurekebishwa, jambo lenye maana kwetu, sababu msimu wa mvua na msimu wa kiangazi ni kama barabara mbili tofauti. Nunua mbili mbili kwa ekseli moja, usinunue moja. Na uangalie unanunua wapi: jina kubwa linaandikwa kwa rangi hata juu ya mali ya uongo.

Wenye feza zaidi wanataka amotisere zenye uzi wa kuzungusha, ambazo urefu unapandishwa na kushushwa kwa ufunguo. Ukichagua hizo, uliza swali moja tu: ninaposhusha, nafasi ya amotisere inapungua ao haipungui? Ziko ambazo unashusha kikombe cha resori, na nafasi ya kushuka inapotea. Na ziko ambazo mguu wa chini wenyewe unazungushwa, urefu unabadilika lakini nafasi ya kazi inabaki ileile. Za pili ni ghali, na ndizo nzuri. Hata hizo hazipendi udongo wetu mwekundu. Usiposafisha uzi na kuupaka mafuta mazito, baada ya mvua mbili tatu hautazunguka tena, na utakuwa umelipia urekebisho ambao haupo.

Nifike sasa kwa jambo linalonitia hasira: kukata. Ukikata duara moja katika resori yenye maduara 6 yanayofanya kazi, inakuwa ngumu kwa asilimia 20 tu. Kumbukeni hesabu yetu ya juu: kwa sentimetri 4 ilitakiwa ngumu karibu mara 2.8. Basi resori iliyokatwa ni fupi bila kuwa ngumu ya kutosha, nayo itagonga chini kila siku. Tena imekuwa fupi kuliko nafasi yake: gurudumu likining'inia ndani ya shimo, resori inalegea katika kikombe chake, na ikirudi inaweza kuketi upande. Wale wanaoipasha moto kwa gesi ya kuchomelea ili ikae chini wanafanya vibaya zaidi. Chuma cha resori kilipewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Moto wako haujapimwa. Utaondoa ugumu huo mahali pamoja, na pale ndipo kitavunjika ao kulala kabisa, wewe ukiwa katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa kwenye barabara ya Likasi.

Na kabla ya hatari ya barabarani kuna hatari ya garaji, ambayo ndiyo inayotuletea damu. Katika mguzo wa MacPherson resori imebanwa na nati moja ya juu. Resori ya kawaida, ikibanwa sentimetri 10, inasukuma kwa nguvu kama ya kilo 250, na ikifunguka ghafula inatoka na nguvu sawa na jiwe la kilo 12 lililoanguka kutoka meta moja. Kidevu na macho ya fundi viko juu yake. Nati hiyo isiguswe kamwe kama resori haijashikwa na kibanio chake, miguu yote miwili ya kibanio ikipingana sawasawa, na si kamba, si waya, si mnyororo wa mbwa. Simama kando, usiinamie juu. Na mtu asiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua. Ya kushika ni miguu ya chuma, ikiwekwa kwenye saruji, si kwenye udongo. Kifua kilichobanwa na motokari hakina muda wa kungoja ambulansi. Ninyi mnaofuata kanuni hizi vizuri kila siku katika karakana ya kampani, kwa nini siku ya Jumapili mnazisahau nyuma ya nyumba?

Baada ya kazi yoyote ya namna hii, magurudumu yapimwe upya namna yanavyoelekea. Motokari iliyoshushwa bila kupimwa inakula mipira ya mbele upande wa ndani, mahali ambapo mwenyewe haoni, mpaka siku ya mvua.

Unataka kujua kama ya kwako tayari imeshuka kupita kiasi? Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye ile fimbo inayong'aa ya amotisere, iwe imekaza lakini inaweza kuteleza, uisukume mpaka juu ya bomba. Safiri nayo siku moja katika njia unazozipita siku zote, pamoja na mizigo na watu wako. Kisha tazama kamba imesukumwa mpaka wapi. Kama imefika kwenye mpira wa kizuizi mara moja, katika shimo baya ulilolijua, si kitu. Kama mpira umechakaa na kupasuka, motokari yako imekuwa ikitembea juu ya mpira huo, na resori ni pambo tu.

Ukiamua kushusha kwa namna niliyoeleza, fanya hivyo, nawe usisahau kumwambia fundi akurudishie resori za zamani. Zifunge ndani ya gunia pamoja na mipira yake ya juu, uziweke mahali pakavu. Utazihitaji siku ya kuuza, na pengine mapema zaidi, siku utakapotakiwa kubeba wazee watano na mizigo yao kwenda kwenye matanga.